Mwanza: Kliniki inatangaza "lipa kulingana na kipato chako", kisha inahesabu pesa za tajiri kuwa zangu

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi. Nimekaa kwenye kibaraza cha duka mbele ya geti lao na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo mnisamehe nikikosea herufi. Mods, naomba uzi huu msiuhamishe.

Kazi yangu ni dagaa, na riziki yangu iko kwenye soko la Mwaloni Kirumba. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa kambini kisiwa cha Kome akivua hao hao dagaa. Mwezi wa pili mtumbwi wao ulipigwa na upepo usiku ukapinduka. Walikuwa wanne, wakarudi wawili. Yeye alishikilia dumu la mafuta mpaka kulipopambazuka. Tangu hapo halali. Ukimimina maji kwenye ndoo anatoka nje na kukaa mbali mpaka umalize. Mtoto wangu wa miaka sita alimuuliza mbona mjomba harudi ziwani, akalia mbele ya watoto. Mtu mzima wa miaka 24.

Mama alitaka tumpeleke kwa mganga kijijini. Nikakataa, kwa sababu kwenye bango la kliniki moja hapa mjini, sitaitaja jina, nilikuwa nimesoma kwamba wana wanasihi, wanatoa tiba ya mazungumzo, na malipo ni kulingana na kipato cha mtu. Nikasema hawa ndio watu wetu.

Kikao cha kwanza tulilipa 15,000, wakatuambia hiyo ni bei ya muda mpaka tulete vithibitisho. Kikao cha pili hivyo hivyo. Na niseme haki: mnasihi mwenyewe ni mtu wa maana sana. Kikao cha pili ndipo mdogo wangu alipotaja kwa mara ya kwanza majina ya wale wenzake wawili. Nyumbani hajawahi kuyatamka. Usiku ule alilala saa nne mfululizo, mimi nilikaa macho nikimsikiliza anavyopumua.

Leo kikao cha tatu. Mapokezi wanataka karatasi ya mshahara. Sina, sijawahi kuajiriwa. Taarifa ya benki? Sina akaunti. Basi leta miamala ya simu ya miezi mitatu. Nikawapa, kwa moyo mweupe, nikijua sina cha kuficha. Dada wa mapokezi akajumlisha kwa kikokotoo, akaniambia, watu wengine wote kwenye mabenchi wakisikia: "Mama, wewe unaingiza zaidi ya milioni nne kwa mwezi."

Nikamwambia, dada yangu, hizo si zangu. Tajiri yuko Dar es Salaam, ananitumia pesa ya kununulia mzigo. Nanunua mwaloni, nalipa vibarua wa kuanika, nalipa magunia, ushuru, gari. Mimi changu ni kamisheni kwa kila gunia. Angalia hapo hapo kwenye karatasi, pesa inaingia asubuhi, jioni imeshatoka yote.

Jibu lake: "Sisi tunaangalia zinazoingia."

Wakuu, hilo ndilo sentensi lililonifanya nifungue uzi huu.

Kwenye ukuta wao kuna jedwali. Chini ya 300,000 kwa mwezi unalipa 15,000 kwa kikao. Kuanzia hapo mpaka milioni unalipa 35,000. Zaidi ya milioni, 60,000. Wameniweka kundi la juu kabisa. Si hilo tu, wamesema vile vikao viwili vya mwanzo nililipa pungufu, kwa hiyo nadaiwa 45,000 mara mbili, yaani 90,000, na mdogo wangu haingii ndani mpaka deni liishe.

Mwezi niliouza vizuri kuliko yote katika ile mitatu, zimeingia kwenye simu yangu 4,850,000. Kati ya hizo 4,400,000 ni za tajiri, senti kwa senti, ninayo daftari. Zilizobaki 450,000 ni kamisheni pamoja na mauzo ya mzigo wangu mdogo, na humo bado sijatoa mtaji wa kununulia mwingine. Nilichobaki nacho mkononi mwezi huo ni 210,000. Nyumbani tuko sita. Sasa vikao vinne kwa mwezi kwa bei yao ni 240,000. Wanataka nilipe tiba kwa pesa nyingi kuliko ninazopata, na wanaita hiyo huruma kwa wenye kipato kidogo!

Na huo ulikuwa mwezi mzuri. Yeyote aliyekulia mwambao huu anajua dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikipanda, taa haziwavuti, mitumbwi inakaa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu na kula madeni. Sisi wa mwaloni tunakaa nao. Halafu zije mvua za masika: umeanika mzigo mchangani, jua halipo, dagaa wanaoza, unaishia kuwauza kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Kuna mwezi nimerudi nyumbani nikiwa na deni tupu. Miezi mitatu waliyoisoma ilikuwa ya jua. Wangenisoma masika wangenikuta sina kitu.

Mdogo wangu mwenyewe, ambaye ndiye mgonjwa, hana hata shilingi. Huko kambini kwao walikuwa wakitoa kwanza mafuta na chakula, kinachobaki nusu ya mwenye mtumbwi, nusu nyingine wanagawana wanne. Mtumbwi ulipozama, na mgao wake ulizama. Hakuna aliyeuliza habari hiyo. Waliuliza nani analipa, basi.

Sasa linganisheni. Jirani yangu ni mtumishi wa umma, namheshimu, watoto wetu wanacheza pamoja, na yeye ndiye aliyenielekeza pale. Analipa 35,000. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha anachopokea baada ya makato, na makato ni mkopo wa benki aliojengea vyumba vinne vya kupangisha. Kodi ya vyumba vile haimo kwenye karatasi. Simlaumu hata kidogo, hajadanganya, wamemuomba karatasi na ametoa karatasi. Ninachouliza ni hiki: kwa mtumishi wanasoma kilichobaki baada ya makato, kwa nini kwa mchuuzi wanasoma kilichoingia kabla ya makato? Vibarua wa kuanika si makato? Ushuru wa gunia si makato? Pesa ya mtu mwingine iliyopita kwenye simu yangu kwa saa sita imekuwaje utajiri wangu?

Nilipouliza, wakaniambia huo ni mfumo wa kimataifa. Sawa. Nikasimama pale pale nje nikasoma mtandaoni. Marekani, vituo vya afya vinavyopata ruzuku ya serikali kuu yao vinalazimika kuwa na bei za namna hii. Wanaangalia vitu viwili, mapato na idadi ya watu ndani ya kaya. Aliye kwenye mstari wa umaskini au chini yake hutibiwa bure au hutoa kiasi kidogo tu. Punguzo linaendelea kushuka mpaka kwa mwenye mapato mara mbili ya mstari huo. Na hawaruhusiwi kumfukuza mtu kwa kuwa hana uwezo wa kulipa. Jedwali la ukutani kwao limechukua viwango, likaacha watu. Hakuna sehemu hata moja inayouliza nyumbani mko wangapi. Mtu anayeishi peke yake na mimi mwenye vinywa sita tuko mstari mmoja.

Kuna njia nyingine, wakasema: leta barua ya serikali ya mtaa kwamba wewe ni mnyonge. Jamani. Barua ile inaanzia kwa mjumbe, na mjumbe atauliza ya nini. Nimwambie nini? Nikisema ni ya kliniki ya ushauri, jioni mtaa mzima unajua kuwa mdogo wangu "amechanganyikiwa". Huyu kijana siku moja atataka kuoa, atataka tajiri mwingine amwamini na mtumbwi. Wanasihi wenyewe wanatuahidi siri ndani ya chumba, halafu ofisi inatutuma tukaitangaze ili tupate punguzo.

Mji huu si mgeni wa mambo haya. Mama yangu alikuwepo Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, mpaka leo hapandi meli, na ukipita naye makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa kwenye ajali ile, ananyamaza. Septemba 2018 MV Nyerere ikazama ikielekea Ukara, Ukerewe nzima ikalia. Hatuhesabu mitumbwi inayopotea mmoja mmoja usiku. Watu wa kuongea na mnasihi huku ni sisi wa ziwani hasa, na sisi ndio tusio na karatasi.

NYONGEZA (saa mbili usiku): Nimesoma majibu yenu. Mnaosema nimpeleke hospitali ya serikali, nilianzia huko. Walimpa dawa ya usingizi, na afisa ustawi wa jamii alinihoji kama dakika kumi: mko wangapi, nani anaumwa mwingine, unadaiwa wapi, mzigo ukioza unakula nini. Bila karatasi yoyote alielewa hali yangu, akanipunguzia. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Tatizo kule ni foleni, tuliambiwa zamu ya maongezi ni baada ya wiki sita. Na mdogo wangu ameshaanza kuongea na huyu mnasihi. Kumpeleka kwa mwingine ni kumrudisha usiku ule majini aanze upya kusimulia.

Mkuu uliyeandika kwamba kliniki nayo inalipa pango na mishahara, nakubali. Sikuomba bure. Nimeomba wanitoze 15,000 iliyo kwenye jedwali lao wenyewe, kwa sababu 210,000 iko chini ya 300,000. Nimeomba wafute lile deni la 90,000. Na wanapomhoji mchuuzi, mama lishe, bodaboda au mvuvi, waulize kinachobaki, kwa msimu mzima, giza na mbalamwezi, mvua na jua.

Kikao kilichopotea leo kimehamishiwa Alhamisi saa nne asubuhi. Nitakuwa pale na daftari langu la mwaka mzima na 15,000 mkononi. Mwenye ndugu anayefanya kazi pale, naomba amwambie mhasibu anitengee nusu saa, ndani, mlango ukiwa umefungwa.