KILE KIBATI CHA TANI 8 KIMENICHUCHUMALIA NIKIUNGUA, LEO SILALI

MnyororoMmoja:
Wakuu sina hata salamu. Mnakijua. Sikitaji maana nikikitaja mods watasema natukana, ila yeyote aliyefika levo zile za juu kidogo kwenye hili gemu letu la vifaru anakijua, kile kibati cha alumini, kile cha kudondoshwa na parachuti, kifupi mpaka majani yanakipita kimo, mdomo mdogo lakini hakinyamazi.

Mimi nina kifaru cha tani 55. Hamsini na tano! Mtutu wangu peke yake una mita 5 na ushee, yaani ukiulaza chini unakaribia urefu wa hicho kidude kizima. Sasa nimekaa zangu kwenye kona ya daraja, bodi nimeficha, nimetoa tareti tu, kile kichwa chenye mtutu, nimeshalaza watu wawili, maisha matamu. Nasikia tutututututu ubavuni. Nikadhani ni wa kwetu anajaribu mausi mpya. Kumbe mnyororo umeshakatika na injini inafuka moshi, nageuza tareti, na nyie mnajua tareti ukiwa na haraka nayo inageuka kama mlango wa ghala. Nikakiona. Mita 60 hazifiki. Kimenipa ubavu WOTE.

Nikafyatua. Mm 120. Mshale, ile risasi ya kutoboa isiyolipuka, ukaingia kushoto ukatokea kulia ukaenda zake. Skrini ikaniandikia "Umegonga". Umegonga! Kama vile nimebisha hodi.

Napakia ya pili, sekunde sita, na hicho kidude kwa sekunde sita kinatema risasi 50 na zaidi, zote kwangu, mtutu ukapinda, gana, mpiga mzinga wangu, kalala. Nikawa boksi tu. Angenimaliza tungeachana kwa amani, vita ni vita. Hakunimaliza. AKAJA. Akapaki mbele yangu kabisa, na kwa kuwa ile kitu ina yale majeki yake ya kushusha na kupandisha bodi, akachuchumaa. Akainuka. Akachuchumaa. Akainuka. Akachuchumaa. Mara tatu wakuu, mimi naungua pale namwangalia, siwezi hata kumgeukia.

Kiondolewe. Sitaki kusikia kipunguzwe makali, KIONDOLEWE.

SaaMbiliUsiku:
"Umegonga" 😂😂 umebisha hodi na karibu hukupewa

KopoLaMafuta:
Mkuu pole, hiyo ni BMD-2, ila swali moja tu, ulipakia nini?

MnyororoMmoja:
Mshale. Kwa nini?

KopoLaMafuta:
Ndo nilichokuwa nasubiri. Kibati kile ukuta wake ni wa kuzuia risasi za bunduki, wewe unakipiga mshale wa tungsteni uliotengenezwa kutoboa vifaru vikubwa, ni sawa na kuchoma kapu kwa sindano, tundu la kuingilia tundu la kutokea basi. Halafu nyuma mle kwenye gari la kweli wanakaa askari wa parachuti wamebanana magoti, kwenye gemu hawajawekwa, ni hewa. Umeua hewa. Na kwenye kifaru chako DM12 zimejaa, ile ya kulipuka, moja tu na kile kinafunguka kama kopo la dagaa. Zinakaa humo miezi unazitunzia nani?

MnyororoMmoja:
Sijaja kufundishwa risasi. Narudia, alikuja mbele yangu AKACHUCHUMAA. Mara nne.

SaaMbiliUsiku:
Ulisema tatu

MnyororoMmoja:
Ya nne alikuwa hajamaliza nikafa

Tareti_Nzito:
Uko kwenye kona umekaa muda gani mkuu? kuwa mkweli

MnyororoMmoja:
Dakika nane. Ndo kazi ya kona.

Tareti_Nzito:
Kwa hiyo dakika nane uko pale pale na mtutu upande ule ule, kile kikaja kwa nyuma taratibu na kelele zake zote hukusikia, halafu tatizo ni kibati. Sawa.

BabaDeraya:
Vijana msikidharau. Hicho chenyewe kilianza kutumika 1985, lakini babu yake, BMD-1, ndo alikuwa na roho mbaya zaidi. Januari 1973 Wasovieti walimdondosha babu mtu kutoka kwenye ndege kwa parachuti akiwa na watu wawili NDANI, mmoja wao mtoto wa Margelov, jenerali mwenyewe wa vikosi vya parachuti. Mzee kamfunga mwanae ndani ya gari akamsukuma angani. Wakatua wazima. Na yale majeki unayolalamikia si mapambo, yanashusha bodi mpaka inabaki kama sentimita 10 kutoka ardhini, ni kwa ajili ya kujificha na kufungwa vizuri ndani ya ndege.

MnyororoMmoja:
Baba sasa mimi nafanyaje na hiyo habari. Wamekiumba cha kujificha, yeye anakitumia kunichezea mdundiko mbele ya uso.

Kichaka_Hai:
Afadhali wewe umechuchumaliwa. Mimi wiki hii yote napigwa na helikopta, niko mlangoni sijatoka hata pale tunapozaliwa, naona kombora linakuja kutoka kilomita nne huko, sijui hata limetoka wapi, narudi tena na kifaru kingine, kombora. Na aliyenipiga hamwoni ni nukta. Hizo ndo za kuondoa.

SaaMbiliUsiku:
Helikopta unazishusha, chukua gari la kudungulia

Kichaka_Hai:
Nichukue kwa pointi zipi, nimekufa na sifuri

Gia_ya_Nyuma:
Naomba niongeze langu hapa hapa. Kuna hawa wa timu yako mwenyewe, uko nyuma ya kilima umetulia, anakuja mtu na gari kubwa anakusukuma kwa matako mpaka unatokea juu, unapigwa, halafu anaandika "samahani" na kukaa pale ulipokuwa. PALE PALE. Mimi nimeanza kuamini wanalipwa.

Tareti_Nzito:
Huyo wa kusukuma ni mimi, ulikuwa umezuia njia

Gia_ya_Nyuma:
Njia ilikuwa pana kama uwanja!!

MnyororoMmoja:
Jamani uzi ni wangu. Bati la tani 8. Tani 55. Mnaona hesabu hiyo? Kwenye dunia gani kitu cha mm 30 kinasimamisha kifaru?

KopoLaMafuta:
Kwenye dunia hii. Hukuona ile video ya Januari 2024, Bradley mbili, magari ya Kimarekani ya kubeba askari, karibu na Avdiivka kule Ukraine, mm 25 hizo, ndogo kuliko za mwenzako, zimekimwagia T-90M, kifaru cha Warusi, risasi mpaka tareti ikaanza kuzunguka yenyewe kama feni. Hazikutoboa pale mbele, zilivunja vioo, vifaa vya kulengea na vingine vyote vilivyo nje. Kifaru kipofu ni chuma chakavu, hata kiwe tani mia.

MnyororoMmoja:
Na hizo Bradley zilichuchumaa baada ya pale? Hazikuchuchumaa. Zina heshima.

SaaMbiliUsiku:
Kaka nimekubali, hilo ndo jibu la mwaka

BabaDeraya:
Bradley haina majeki ya hivyo, ingetaka isingeweza.

Pini_Legevu:
Samahani wakuu, mimi nakiendesha hicho. Kwa sisi wa upande huu, nacho ni mateso tupu. Nina risasi 300 tu, nikishikilia kidole zinaisha ndani ya nusu dakika na kidogo, mzinga unapata moto. Akikohoa mtu mwenye bunduki ya tareti mm 12.7 ubavuni dereva wangu hayupo. Kila mechi ni presha. Leo karibu na daraja kulikuwa na mmoja wa tani 55 nilimkuta kwenye kona, mshale wake ulipita katikati yetu mimi nikapiga kelele chumbani. Nikataka kurusha moshi nikimbie, na kitufe cha moshi nimekiweka jirani na cha kushusha bodi, nikawa nabonyeza nabonyeza naona tu gari linapanda linashuka. Sasa sijui kama ndo huyo mkuu.

Kichaka_Hai:
Sawa ila turudi kwenye helikopta, kuna mtu anaweza kunieleza kwa nini inazaliwa ikiwa tayari na makombora yote

Gia_ya_Nyuma:
Na mapu je? Wamezikata kona zote nzuri, ukitoka mita mbili nje ya mstari unaambiwa rudi vitani, wakati njia ya kuzunguka ndo ilikuwa hapo. Halafu wanashangaa watu wanakaa kwenye kona dakika nane.

Tareti_Nzito:
Dakika nane ni uvivu usisingizie mapu

MnyororoMmoja:
Mimi nimesema mara saba alichuchumaa na hakuna hata mmoja aliyesema pole ya maana, isipokuwa Kopo, na yeye pole yake ilikuwa ya kunichomekea DM12.

SaaMbiliUsiku:
Zimekuwa saba 😂 kufika kesho huyo dereva atakuwa na kitambi cha mapaja

Kichaka_Hai:
Helikopta jamani. Inakaa nyuma ya mlima inachungulia, inarusha, inashuka. Nayo inachuchumaa ukiangalia vizuri.

BabaDeraya:
Hiyo sio kuchuchumaa, ni mbinu, walianza nayo zamani sana. Inainuka kwa kujificha nyuma ya miti...

Kichaka_Hai:
Baba usianze

Gia_ya_Nyuma:
Mwacheni Baba amalize. Tareti_Nzito wewe leo saa tatu unaingia? Nakuja timu pinzani makusudi.

Tareti_Nzito:
Ninaingia. Usisahau njia ni yangu.