Kwa nini muziki wa hali ya juu nyumbani una wapenzi wachache?

Sebule_Tabata:

Wakuu, salaam. Mtu ananunua TV ya inchi 65 na simu ya bei mbaya, lakini ukimtajia amplifaya ya stereo na spika mbili za maana anakushangaa. Sebuleni kwake utakuta sabufa au saundiba, kwake imetosha. Na si kwetu tu, hata Ulaya na Japani wanakotengeneza vifaa hivi, wanaovifuatilia ni wachache. Ni bei peke yake? Nauliza pia kwa sababu nina milioni 3 na sitaki zipotee. Chumba ni mita 5 kwa 4, dari mita 3, chini vigae, kuta tofali za saruji, madirisha ya aluminiamu.

FundiWufa:

Mkuu, jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Chumba hicho kina mita za ujazo 60, na ukijumlisha kuta, sakafu na dari unapata mita za mraba 94. Vigae, plasta na kioo hunyonya sauti kidogo sana, tuseme asilimia 5 kwa ukarimu. Kanuni ya Sabine, ya kukadiria muda sauti inaochukua kufifia chumbani, inasema zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawa kwa eneo linalonyonya: 9.66 gawa kwa 4.7, unapata kama sekunde 2 kwa chumba kitupu. Neno likishatamkwa linaendelea kuzunguka humo muda wote huo, na yanayofuata yanalipanda mgongoni. Kwa muziki tunataka sekunde 0.3 hadi 0.5. Kochi na mapazia vinasaidia, lakini havikufikishi huko.

Besi ndiyo kisirani zaidi. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili: mita 5 inakupa hezi 34, mita 4 hezi 43, mita 3 hezi 57. Kwenye masafa hayo chumba chenyewe kinaimba, na tofali za saruji hazivujishi besi kama kuta za mbao na jipsamu, kwa hiyo karibu yote inabaki ndani. Ukikaa katikati kabisa, hizo mbili za kwanza zinakaribia kutoweka. Ukiegemea ukuta wa nyuma, besi inavimba hadi inamfunika mwimbaji.

Sasa muuzaji gani atakuambia uling'oe kochi la familia ukutani na upachike mabango ya sufi ya kunyonya sauti sebuleni? Sebule ni ya wageni, watoto na TV. Stereo inadai kiti kimoja, mtu mmoja, katikati ya spika mbili. Wengi wanaishia hapo hata kama fedha ipo.

Desibeli_96:

Naunga mkono, na naongeza la dukani. Picha unaiona kwa macho, TV mbili zikiwa sambamba. Sauti haiko hivyo: kifaa kimoja kikizidi mwenzake kwa desibeli 1 tu, sikio halisemi kina sauti kubwa, linasema ni kisafi zaidi. Ulinganisho wa haki unataka upige toni ya hezi 1000, upime volti kwenye vishikizo vya spika, usawazishe ndani ya asilimia 1, na msikilizaji asijue kipi kinapiga. Ni nadra kufanyiwa hivyo dukani, kwa hiyo mnunuzi anaondoka bila kujua kalipia nini.

Upande wa chanzo kazi ilikwisha zamani. CD iliyotoka 1982 ina biti 16, kama desibeli 96 kati ya mlio mkubwa na mdogo kabisa. Diski za SACD ya 1999 na DVD-Audio ya 2000 zilikuja na namba kubwa zaidi, watu wakazipita. Kilichobaki kuboreshwa ni spika na chumba, lakini biashara imekimbilia nyaya, kwa sababu waya haudai kuhamisha kochi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa soketi, mita 5 kwenda na 5 kurudi, una ukinzani wa omu 0.07. Spika ya omu 8 haitausikia. Mgeni akikuta waya wa milioni 2 anahitimisha kwamba mambo yote haya ni ulaghai, na simlaumu.

Na wati. Boksi la sabufa linaweza kuandikwa PMPO (kilele cha kitambo kidogo sana, cha kutangazia biashara) wati 10000, geuza nyuma usome kibati, inavuta 80. Haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachokula. Spika mbili za desibeli 86 (kila moja ikipewa wati moja na kupimwa mita moja mbele), ukikaa mita 3, zinakupa kama 83 kwa wati moja kila moja. Kila desibeli 3 za ziada zinataka wati mara mbili, hivyo kilele cha 101, ambacho ni kelele kweli kweli, kinahitaji wati 64. Basi.

Mwana_Tanga:

Msisahau umeme na hewa ya pwani. Mtumba wa Japani vingi ni volti 100, ukichomeka kwenye 230 inakwenda fyuzi au transfoma yenyewe. Transfoma ya kushushia inatatua volti, haitatui hezi. Gramafoni ya Marekani yenye mota inayofuata hezi 60 za umeme, kwenye hezi 50 zetu itazunguka kwa asilimia 83: santuri ya mizunguko 33⅓ inashuka chini ya 28. Kama ni ya mkanda, dawa ni puli ya mota yenye kipenyo kikubwa zaidi, uwiano wa 6 kwa 5.

Spika za zamani kagua ringi ya sponji inayozunguka koni. Joto na unyevu huigeuza unga. Ibonyeze taratibu kwa kidole, ikinata au ikibomoka, punguza bei kwa gharama ya ringi mpya au achana nayo. Za mpira hudumu zaidi. Amplifaya ya mtumba: tazama kapasita kubwa kama zimevimba kichwani, kisha pima volti za DC (umeme wa mkondo mnyoofu) kwenye vishikizo vya spika bila spika. Ikizidi milivolti 100, usinunue.

Sebule_Tabata:

Asanteni sana. Hiyo milioni 3 naigawaje?

FundiWufa:

Milioni 1.5 kwenye spika mbili za rafu, wufa (koni ya besi) inchi 6 au karibu, ambazo vipimo vyake vimechapishwa na mtu asiyeziuza. Kwenye grafu ya masafa, tafuta mstari ulionyooka ukipimwa mbele ya spika na unaoshuka taratibu ukipimwa pembeni. Utafiti wa Floyd Toole, alioanzia Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, ulionyesha kwamba wasikilizaji wasiojua chapa huelekea kupenda spika za namna hiyo. Laki 7 amplifaya ya wati 60 kwa omu 8, ya mtumba ikipita kipimo cha Mwana_Tanga. Laki 3 maikrofoni ya kupimia ya USB yenye faili lake la masahihisho, programu ya kupimia ya REW ni bure.

Laki 5 iliyobaki ni zulia nene na mabango: fremu ya mbao sentimita 60 kwa 120, ndani rokwuli (sufi ya mawe) ya sentimita 10, juu kitambaa ambacho ukikipulizia pumzi inapita. Kaa kitini, mwenzako atelezeshe kioo ukutani, na pale unapoiona twita (koni ndogo ya sauti za juu) ndipo bango linakaa. Trei za mayai hazisaidii chochote.

Pima kabla hujapachika kitu, kisha sogeza kochi sentimita 30 na upime tena, mpaka kati ya hezi 30 na 100 patulie. Kochi kwanza, ekwalaiza baadaye. Kilima kwenye grafu, yaani besi iliyovimba, unaweza kukishusha kwa ekwalaiza, lakini shimo, yaani besi iliyotoweka, hulijazi: unaongeza wati, chumba kinaendelea kuzifuta, na mwishowe wufa inagonga.