Eti damu yangu ndiyo haizunguki! Fundi yule mnayemjua leo amenivua nguo hadharani

Mvi_za_Kabale (mleta uzi):
Wakuu, naandika vidole vikitetemeka na si kwa baridi, ni hasira. Nimetoka kwake sasa hivi. Simtaji, mnamjua: yule wa ovaroli iliyokuwa ya bluu enzi za Amin, mwenye simu tatu na hapokei hata moja. Nusu ya Kampala imeacha pesa pale.

Gari langu lina AC ya pande mbili. Dereva anapanga joto lake, abiria lake, kila mtu na raha yake. Wiki iliyopita nimetoka Kabale alfajiri na mama mkwe. Anayeijua Kabale saa kumi na moja hahitaji maelezo, ukungu umelala barabarani na pumzi unaiona. Nikaweka 26 pande zote mbili. Upande wa mama mkwe ukatoka moto wa jehanamu: anafungua dirisha, anavua kitenge cha mabegani, anamwita Yesu. Upande wangu barafu tupu. Nafika Mbarara goti la kulia silisikii, breki nakanyaga kwa imani.

Nikampelekea bingwa wenu. Akasema gesi. Akajaza gesi, akameza laki na nusu. Gesi, kwa hita! Jana usiku mambo yakawa yaleyale, leo nikarudi. Bwana yule akakaa kiti cha abiria, nasema cha ABIRIA, akaweka kiganja kwenye tundu la abiria, akafumba macho kama mchungaji anayeombea mgonjwa. Akashuka. Akanipima toka mvi hadi viatu, kisha akatangaza mtaa mzima usikie: "Mzee, gari zima kabisa. Damu yako ndiyo haizunguki. Nenda kliniki."

Vijana wake wakacheka. Watu wa boda wakacheka. Muuza rolex, zile chapati za mayai, akacheka mpaka yai likaungua.

Damu yangu! Na mama mkwe je, damu yake inazunguka kupita kiasi ndiyo maana aliiva?

Mpiga_Honi:
Uzi mrefu, swali fupi. Presha ulipima?

Dereva_Mstaafu:
Tuache damu kwanza. Joto la gari linatoka kwenye maji ya injini, yanapita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Gesi ni ya ubaridi. Kama kwa mama mkwe kunawaka, basi maji ni ya moto na yanafika. Mshuku kilango cha upande wako, kile kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Kila upande una chake, na kimota chake. Zima redio, zima feni kidogo, zungusha joto la dereva toka mwisho wa baridi hadi mwisho wa moto, tega sikio. Ukisikia tik-tik-tik, vijino vya plastiki ndani ya kimota vimekatika. Usikubali kung'olewa dashibodi nzima kabla hujachungulia chini ya usukani, kwenye magari mengine mkono unafika.

Mvi_za_Kabale:
Tik-tik ipo! Imeanza tangu Lyantonde! Nilimwambia, akasema ni mjusi. Kwanza mjusi, halafu damu. Mbele ya watu wa boda!

Mtoto_wa_Arua:
Hita? Uganda hii? Huku kwetu mwezi wa pili hata mbuzi wanatafuta AC. Ssebo, hilo tundu la barafu niuzie mimi.

Nalongo_wa_Masaka:
Mimi nimekwama kwa mama mkwe. Alikaa kiti cha MBELE? Wewe ukiendesha? Kwetu Buganda mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani, ninyi mnagombania matundu ya hewa! Moto ule ulikuwa onyo la mababu, bambi.

Mvi_za_Kabale:
Nalongo, mama ana mguu mbaya na kiti cha nyuma kilijaa viazi. Tusitoke kwenye hoja. Hoja ni damu.

Mpiga_Honi:
Viazi gunia bei gani huko sasa?

Maji_ya_Rangi:
Mzee shukuru, wewe umetukanwa tu. Mimi fundi wangu (na naanza kuhisi ni huyohuyo) aliniuzia kulenti ya kijani, ile dawa ya kupoozea injini. Kumbe maji ya bomba na rangi, nimeyaona kwenye jerikeni kwa macho yangu. Sasa hita inapuliza vuguvugu la kukausha kucha, na nikifungua rejeta natoa uji wa kutu.

Dereva_Mstaafu:
Huo ni ugonjwa mwingine. Injini ikipata moto, gusa kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayoingia ukutani kuelekea dashibodi. Mmoja ukiunguza na wa pili ukiwa wa uvuguvugu, kirejeta kimeziba. Kabla ya hapo hakikisha maji hayajapungua na hakuna hewa iliyonasa humo ndani. Mleta uzi yeye atafute kimota.

Mvi_za_Kabale:
Ahsante, kimota nitatafuta. Lakini mbona hamgusii hiyo "nenda kliniki"? Ningekuwa kijana angeniambia kliniki?

Mtoto_wa_Arua:
Ungekuwa kijana ungevaa soksi.

Sauti_ya_Ntinda:
Jamani, damu, damu, mtu hajafa! Mimi jana kwenye foleni ya Jinja Road kijana kaninyofolea kioo cha pembeni nikiwa ndani ya gari. Nikapiga kelele, akanipungia mkono. Akanipungia mkono! Nani anajua panapouzwa cha kushoto?

Nalongo_wa_Masaka:
Pole. Mimi walichukua vyote viwili, wakaniachia nyaya zinaning'inia. Naendesha kwa kugeuka.

Mpiga_Honi:
Cha kushoto ninacho. Kimetumika kidogo, bei ya kirafiki. Nitumie ujumbe pembeni.

Sauti_ya_Ntinda:
Kina namba za gari zimechongwa pale chini?

Mpiga_Honi:
Usijali, nimeshazisugua.