Nimetoka Finale: kwa upande wa tempo, MuseScore, Dorico au Sibelius?

MwalimuKinanda: Wakuu, salaam. Miaka yote natungia Finale, programu ya kuandikia nota kama hizo tatu nyingine, ila tangu wenyewe MakeMusic watangaze Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena, kuhama hakukwepeki. Nota utaandika popote. Kinachonisumbua ni tempo, yaani kasi ya wimbo. Wimbo ni 6/8: kiitikio krocheti yenye nukta = 60 (mapigo 60 kwa dakika), mashairi 48, rit. (kupunguza mwendo taratibu) mwisho wa kila shairi. Nimeuhamishia MuseScore kwa MusicXML, faili la kupeleka nota kutoka programu moja hadi nyingine. Rit. zote naziona kwenye karatasi, ila kompyuta inazipita kama haizijui. Halafu nimechungulia faili lenyewe, nikakuta tempo="90". Hiyo 90 imetoka wapi?

BesiYaPili: Baki MuseScore, mwalimu, ni ya bure. Hizo rit. zimeingia kama maneno matupu. Zifute, chagua vipimo (bar) viwili vya mwisho wa shairi, kisha kwenye paleti ya Tempo bofya rit. yenye mstari. Hiyo inapunguza mwendo kweli. Kiitikio kinaporudi, weka alama ya 60 upya. Ukiona inajaza karatasi, ichague ubonyeze V: haichapwi, ila bado inaongoza mapigo.

Alto_Nakuru: Mimi niko Dorico, na kwa tempo sijaona ya kuishinda. Shift+T, andika q.=60, Enter, basi. Ile nukta baada ya q ndiyo nukta ya krocheti. Ila angalia pale juu kwenye vitufe vya kuchezeshea: kuna hali ya tempo isiyobadilika. Niliiwasha bila kujua, nikakaa jioni nzima nalaumu alama zangu. Toleo kamili ni la kulipia. SE ni ya bure lakini ina mipaka.

MzeeWaSolfa: Ndugu zangu, 90 ni sahihi. MusicXML huhesabu kwa krocheti tupu kwa dakika. Krocheti yenye nukta ni krocheti moja na nusu, kwa hiyo 60 × 1.5 = 90. Mashairi utayakuta yana 72.

Hapo kwenye nukta ndipo nilipoumbuka. Niliwahi kutuma wimbo wa 6/8 kwa kwaya ya jirani, nikaandika krocheti = 60, nukta nikaisahau. Kipimo cha 6/8 ni sawa na krocheti tatu tupu, basi cha sekunde 2 kikawa cha sekunde 3. Wimbo wa harusi, wameimba kama wanasindikiza jeneza! Na hawakukosea, walifuata karatasi.

Sibelius ninayo kazini. Ctrl+Alt+T, ukiandika Allegro tu yenyewe inaelewa na kubadilisha kasi. Rit. utaipata kwenye mistari, herufi L. Ni nzuri, ila kwa mtu wa kwaya moja sioni sababu ya kuilipia.

BesiYaPili: @MzeeWaSolfa 😂😂 harusi ya watu!

MwalimuKinanda: Asanteni sana. Shikamoo Mzee, hesabu imenikaa. Rit. zimekubali, na nimegundua shairi la tatu nilisahau nukta vilevile. Nabaki MuseScore. Sasa nani ananisaidia na mpiga kinanda wetu? Ukimwandikia 48 anapiga 70, na huyo hana kitufe cha V.

Alto_Nakuru: Huyo fungua uzi mwingine, mwalimu.