Theluthi mbili ya nani? Hesabu ya wabunge katika mabunge ya majimbo ya Nigeria

Mdadisi:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1999, kifungu cha 188, inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bunge la Jimbo ili gavana aondolewe madarakani. Bunge la Oyo lina viti 32. Hata hivyo, Januari 2006 wabunge 18 walitangaza kumwondoa Gavana Rashidi Ladoja, na naibu wake, Adebayo Alao-Akala, akaapishwa kushika nafasi hiyo. Nimerudia hesabu mara mbili, na theluthi mbili ya 32 inazidi 21, kwa hiyo walihitajika 22. Je, theluthi hiyo huhesabiwa kwa waliohudhuria kikao, au kwa wabunge wote? Na kama ni wote, ilikuwaje jambo hilo likapita?

Msoma Sheria:
Ndugu Mdadisi, hesabu yako ni sahihi. Kifungu hicho kinataja wabunge wote wa Bunge, si waliokuwemo ukumbini siku hiyo. Lilipita kwa sababu kifungu hicho hicho, katika ibara yake ya kumi, kinazuia mahakama kusikiliza malalamiko kuhusu mwenendo wa Bunge au wa jopo la uchunguzi, na Mahakama Kuu ya Oyo ilikataa kuisikiliza kesi kwa hoja hiyo. Kesi ilikatiwa rufaa, na mwezi Desemba 2006 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kinga hiyo inalifaa tu Bunge lililofuata kila hatua iliyowekwa. Hatua hizo ni nyingi: notisi iliyotiwa saini na angalau theluthi moja ya wabunge, kura ya kuanzisha uchunguzi, jopo la watu saba walioteuliwa na Jaji Mkuu wa jimbo, kisha kura ya kuipokea ripoti. Wale 18 walikuwa wamekutana hotelini mjini Ibadan, si katika ukumbi wa Bunge. Ladoja alirudi ofisini, lakini takribani miezi kumi na moja ya muhula wake ilikuwa imekwisha kupita, na kwangu hilo ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa wapiga kura wa Oyo hawakurudishiwa muda huo na mtu yeyote.

Mkaa Kumbukumbu:
Naongezea jimbo la Plateau, ambako Novemba mwaka huo huo kikundi cha wabunge kisichofikia hata nusu ya viti 24 kilimwondoa Gavana Joshua Dariye, naye akarudishwa na mahakama mwaka 2007. Lakini tusidhani kwamba gavana yuko salama pale hesabu inapohesabiwa vizuri. Kule Kaduna, Balarabe Musa wa chama cha PRP alichaguliwa mwaka 1979 huku chama pinzani cha NPN kikiwa na viti vingi bungeni. Bunge lilikataa majina ya makamishna (mawaziri wa jimbo) aliowapendekeza, akaongoza bila baraza, na tarehe 23 Juni 1981 akaondolewa.

Mdadisi:
Nashukuru sana, ndugu zangu. Sasa najiuliza upande wa pili: gavana naye anaweza kufanya kazi na wabunge wachache tu wanaomuunga mkono?

Msoma Sheria:
Hawezi, na mfano wake ni Rivers, yenye viti 32 kama Oyo. Desemba 2023 wabunge 27 walitangaza kuhama chama cha PDP na kujiunga na chama cha APC, na Gavana Siminalayi Fubara akawasilisha bajeti ya naira bilioni 800 mbele ya wabunge wanne. Akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge ili kikao kiwe halali, ni theluthi moja ya wabunge wote, yaani 11, kwa hiyo wanne hawawi Bunge hata wakikaa na siwa mezani. Mahakama ya Juu ililisema hilo waziwazi Februari 2025, ikaamuru pia fedha za jimbo kutoka serikali kuu zizuiwe mpaka Bunge halali lipitishe matumizi. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Machi, Rais Bola Tinubu alitangaza hali ya hatari, akawasimamisha gavana, naibu wake na wabunge wote kwa miezi sita, na jimbo likakabidhiwa kwa msimamizi ambaye hakuna mkazi wa Rivers aliyempigia kura.