MREJESHO: Sabufa yangu iliyokuwa haina besi (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini sabufa yangu yenye amplifaya ndani inawaka taa vizuri lakini besi ni hafifu hata nikifungulia sauti hadi mwisho. Imepona, asanteni sana.

Waya nilianza kuubadilisha, wapi. Nikaingia kwenye menyu ya risiva (mashine inayogawa sauti kwenye spika na sabufa): spika za mbele zilikuwa zimewekwa "kubwa" na sabufa imezimwa, kwa hiyo besi yote ilikuwa inaishia kwenye spika. Nikaziweka "ndogo", mkato hezi 80, yaani sauti nzito za chini ya hapo ziende kwenye sabufa. Ikaamka, ila nikikaa kwenye kochi bado naisikia kwa mbali.

Aliyenitajia swichi ya fezi (inayogeuza sabufa isukume hewa pale ilipokuwa inavuta), Mungu akubariki! Kuigeuza tu kutoka 0 kwenda 180, besi ikajaa sebuleni. Kumbe pale kwenye kochi sabufa na spika zilikuwa zinapingana, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Nikaisogeza pia konani, ikaongezeka tena. Jana mvua inapiga bati, na bado gitaa la besi la kwaya nililisikia noti kwa noti. Nilifurahi mno.

Fundi aliyetaka kubadilisha amplifaya nzima nimemwambia asije.