Tupeane uzoefu: kafi la kayaki linalokufaa ulilijuaje?

Mwana Raskazone
Wadau, hamjambo. Nilipoanza kayaki hapa Tanga, miezi mitatu nzima niliamini mwili wangu ndio dhaifu. Kumbe kafi. Langu lilikuwa la sentimita 210, na kayaki yenyewe ni ile pana ya kukalia juu, sentimita 78 ubavu kwa ubavu. Nikivuta maji, vidole vinagonga chombo. Bapa, ile sehemu pana ya kafi, lisipofika majini, nainama kushoto, nainama kulia. Siku niliyokwenda kisiwa cha Toten nilirudi vifundo vya vidole vinavuja damu. Nikaazima la sentimita 240, na siku hiyohiyo mabega yakatulia. Sasa napima upana wa chombo kwanza, ndipo urefu wa mtu. Wenzangu, ninyi je?

Binti Chumbageni
Kwangu ilikuwa kinyume, kaka. Mimi mfupi, sentimita 158, na kayaki yangu nyembamba. Niliambiwa refu ndilo bora, nikachukua 230. Kila pigo lilizunguka mbali na ubavu, omo, yaani mbele ya chombo, ikawa inayumba huku na huku. Nilipohamia 210, chombo kikanyooka.

Wa Mwambani
Msisahau uzito. Mimi hupiga mapigo kama 50 kwa dakika, yaani 3,000 kwa saa. La alumini la kilo moja na robo na la kaboni lisilofika gramu 800, utazijua tofauti zake mkononi saa ya pili. Kaboni ni ghali, kweli. La faiba liko katikati na linatosha. Na hilo la alumini, ukitoka baharini litenganishe vipande viwili, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi. Langu liliganda kwa chumvi kwenye kiungo, hadi leo halifunguki.

Mtoto wa Sahare
Marehemu baba alikuwa mvuvi. Aliniketisha mtumbwini, akanipa kafi, akatazama mabega tu. Yakipanda, alisema kafi si langu, akanipa jingine. Kwenye kayaki nafanya vilevile. Halafu bapa kubwa lisiwadanganye: linasukuma sana, lakini kusi ikivuma na unarudi nyumbani dhidi ya upepo, linakumaliza. Nimeona pia watu wengi wamelishika kichwa chini. Upande uliobonyea ukuelekee wewe, ukingo mrefu uwe juu.

Binti Chumbageni
Hilo la ukingo sikulijua kabisa! Asante sana kaka.

Mgeni Pongwe
Shikamooni wakubwa. Nina urefu wa sentimita 170, kayaki ya kukalia juu, upana 75. Nataka kununua wiki ijayo. 230 au 240?

Mwana Raskazone
Marahaba. Usinunue bado. Jumamosi asubuhi, maji yakijaa, njoo Raskazone. Nitaleta yote mawili, upige nusu saa kwa kila moja.